Mwili wa Mtoto Unapoitwa Mwongo

Nilipokuwa mwaka wa kwanza hapa Kigali, mdogo wangu wa kike alirudishwa nyumbani kutoka shule ya bweni katika Mkoa wa Mashariki. Alikuwa na umri wa miaka 15. Mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka asubuhi hadi jioni, na mguu wa kulia alikuwa akiuburuta kama mtu aliyefungiwa jiwe. Barua aliyokuja nayo ilikuwa na mistari mitatu tu. Mstari wa mwisho ulisema kwamba amepimwa na kuonekana "hana kitu".

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonifanya niandike insha hii. Nyumbani kwetu Nyamirambo kila mtu aliyasoma kwa namna yake. Mama aliona kwamba hospitali imeshindwa, hivyo atafute msaada kwingine. Shangazi aliona kwamba mtoto amerogwa, kwa kuwa ugonjwa usioonekana kwenye damu hauji bure. Mimi, niliyekuwa nimeanza kujiona msomi, niliona kwamba anaigiza. Mtihani wa taifa ulikuwa umebaki wiki chache, na hisabati haikuwa rafiki yake. Kwangu mimi mambo yalikuwa wazi.

Swali ninalotaka kulijadili ni hili: tunapompima mtoto ambaye viungo vyake havimtii, na vipimo vikarudi safi, tuna haki gani ya kusema kwamba hasemi kweli? Na anayempima, awe daktari, mwalimu au ndugu, anadaiwa nini na mtoto huyo?

Kabla ya kujibu, nieleze kwanza upimaji wenyewe jinsi nilivyouona. Baada ya wiki kadhaa tulifika kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Nilitarajia mashine. Badala yake, kwa dakika kadhaa daktari hakumgusa mgonjwa kabisa. Alimtazama akiingia, akikaa, akivua sweta, akiokota bahasha iliyoanguka. Alimwuliza ilianza lini, ilianza ghafla au polepole, hali ikoje akilala, alizaliwaje, aliwahi kuugua malaria kali, alikunywa dawa gani. Kisha alimwambia atembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole, aguse pua yake halafu kidole cha daktari, anyooshe mikono, atoe ulimi na kuutuliza. Alimmulika machoni. Mwishoni akamsikiliza moyo.

Niliuliza kwa nini moyo, wakati shida iko mkononi. Jibu lake lilinipa somo la kwanza. Kuna ugonjwa unaoitwa korea ya Sydenham, kwa jina la daktari Mwingereza Thomas Sydenham aliyeueleza mwaka 1686. Mara nyingi humpata mtoto wa kati ya miaka 5 na 15, wiki au miezi kadhaa baada ya kuumwa koo kwa bakteria aina ya streptokoki. Kinga ya mwili hukosea, ikashambulia sehemu za ubongo zinazoratibu mienendo. Mtoto huanza kuangusha vikombe. Mwandiko wake huharibika. Uso hujikunja kana kwamba anamfanyia mtu mzaha, na ulimi hautulii akiutoa nje. Hulia na kukasirika ovyo. Ugonjwa huo ni sehemu ya homa ya baridi yabisi, ile inayoharibu vali za moyo na ambayo bado inaua vijana katika nchi zetu. Akitambuliwa mapema, mtoto hupewa penisilini kwa miaka mingi ili moyo usizidi kuharibika. Asipotambuliwa, huenda akachapwa kwa kuvunja vikombe.

Mfano wa pili nao alinipa. Kijana anatapika, anapewa metoklopramidi, dawa ya kawaida ya kuzuia kutapika. Baada ya muda shingo yake inapinda upande mmoja, macho yanageuka juu, taya linakakamaa, naye akili zake ni timamu na anaogopa kupita kiasi. Dawa hiyo huweza kufanya hivyo, hasa kwa watoto na vijana, na sindano ya dawa nyingine huondoa hali hiyo kwa muda mfupi. Lakini asiyejua akiuona uso ule ataita watu wa kukemea pepo.

Watoto hawa wawili, wa vikombe na wa shingo, wanatuonyesha jinsi ugonjwa wa mienendo unavyotofautiana na magonjwa mengine. Mwenye homa tunamhurumia hata kabla ya kipimo. Mwenye mwendo wa ajabu tunamhukumu hata kabla ya kipimo, kwa sababu mwendo tumezoea kuuchukua kuwa ni tendo, na kila tendo lina mtendaji. Mkono ukitupa kikombe, tunamtafuta aliyekitupa. Tunasahau kwamba mkono unaweza kutenda bila mwenyewe kuamua. Kosa la kwanza la kimaadili linaanzia hapo, kabla hata daktari hajaonekana.

Lakini mdogo wangu hakuwa na korea, wala dawa hakuwa amekunywa. Moyo ulikuwa mzima na macho hayakuonyesha dalili mbaya. Hapo ndipo swali linapokuwa gumu. Ni rahisi kuwatetea watoto wa vikombe na shingo, kwa kuwa mwishowe kuna bakteria au dawa ya kulaumiwa. Tufanye nini na mtoto ambaye hakuna cha kulaumiwa?

Kanda yetu ina kumbukumbu ya jambo hili. Tarehe 30 Januari 1962, chini ya miezi miwili baada ya Tanganyika kupata uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya kimisheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka bila kuweza kujizuia. Kufikia tarehe 18 Machi, shule ilipofungwa, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Baadaye hali hiyo ilienea katika vijiji na shule nyingine. Madaktari Rankin na Philip, waliochapisha ripoti yao mwaka 1963, hawakupata sumu wala maambukizi yanayoweza kueleza tukio lile. Walimu hawakupatwa. Dunia imelikumbuka jambo hilo kama "ugonjwa wa kicheko", na mpaka leo husimuliwa kama kichekesho. Wachache husimulia sehemu iliyobaki: wasichana wale walilia pia, walihangaika, na baadhi walihisi kama kuna mtu anawakimbiza. Tumehifadhi kicheko na kutupa kilio, kwa kuwa kicheko kinasimulika vizuri zaidi.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Oktoba 2023, katika shule ya wasichana ya Eregi, kaunti ya Kakamega, Kenya. Wasichana zaidi ya 90 walishindwa kutembea vizuri; miguu ilikosa nguvu na kutetemeka. Walipelekwa hospitali, sampuli zikachukuliwa, shule ikafungwa. Maelezo yaliyozungumzwa zaidi yalikuwa ya msongo wa mawazo unaosambaa katika kundi. Lakini kabla ya maelezo yoyote, video zilikuwa zimekwishazunguka kwenye simu zetu, hata hapa Kigali. Mimi niliziona. Wapo waliowaombea wale mabinti, na wapo waliosema wanaigiza ili warudi nyumbani. Hakuna kati yetu aliyekuwa amewapima.

Mwanafalsafa Miranda Fricker wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 2007, anaeleza dhuluma anayofanyiwa mtu kama mjuzi: mtu anasema jambo analolijua, lakini neno lake linapunguzwa uzito kwa sababu ya alivyo, si kwa sababu ya alichosema. Naona mtoto mgonjwa wa mienendo anadhulumiwa hivyo mara mbili. Kwanza neno lake linapunguzwa kwa kuwa ni mtoto, na mara nyingi kwa kuwa ni msichana. Pili, hata mwili wake unaitwa mwongo. Mtu mzima asiyeaminiwa anaweza kusema, basi nipimeni. Mtoto huyu amekwisha kupimwa, na kipimo ndicho kinachotumika kumkana. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tunakagua shuka, tunaona ni safi, kisha tunamwambia aliyelala kwamba hawashwi.

Tatizo liko katika yale maneno, "hana kitu". Yana maana mbili na tunaziachia zichanganyike. Maana ya kwanza ni hii: katika vipimo tulivyofanya, hatukuona kasoro. Hiyo ni kauli ya kweli kuhusu vipimo. Maana ya pili ni hii: hakuna kinachomsumbua. Hiyo ni kauli kuhusu mtoto, na haitokani na ile ya kwanza. Picha ya ubongo na damu huonyesha hitilafu za aina fulani. Hazionyeshi kila namna ambavyo ubongo unaweza kushindwa kupitisha amri. Redio inaweza kuwa na vifaa vyote vizima na isishike mawimbi. Aliyeifungua na kukuta nyaya zote zipo hawezi kusema kwamba redio inakataa kwa makusudi.

Daktari yule hakuishia kwenye vipimo safi. Alitafuta dalili ya kweli ya kile kilichokuwepo. Alimwambia mdogo wangu agonge meza kwa mkono wa kushoto, akifuata mdundo ambao daktari mwenyewe aliugonga, mara polepole, mara haraka. Nikaona jambo ambalo sijalisahau: mkono wa kulia, ule unaotetemeka, ukaanza kufuata mdundo uleule, na mdundo ulipobadilika ghafla, mtetemo ukakatika kwa muda. Kisha akamlaza. Alimwambia aukandamize mguu wa kulia kitandani. Mguu haukuwa na nguvu. Akamwambia ainue mguu wa kushoto dhidi ya mkono wake. Na kisigino cha kulia kikakandamiza kitanda kwa nguvu. Dalili hii ya mguu ina jina la Hoover, daktari Mmarekani aliyeieleza mwaka 1908. Kila anayeinua mguu mmoja kwa nguvu hukandamiza mwingine bila kufikiri. Maana yake ni kwamba njia ya kutoka ubongoni hadi mguuni ni nzima, lakini amri ya makusudi haifiki, isiyokusudiwa inafika.

Hapa lipo swali la kimaadili ndani ya upimaji wenyewe. Kipimo hiki kinafanya kazi kwa sababu mgonjwa hajui kinapima nini. Je, huo si mtego? Na mtego huwekwa kwa wezi. Nadhani jibu liko katika kile kinachofuata. Daktari angeweza kugeuka kwetu na kusema, mmeona, mguu una nguvu. Hapo kipimo kingekuwa kweli mtego, na mtoto angekuwa ameshikwa. Kant alifundisha kwamba mtu asitumiwe kama chombo tu, na mtoto anayethibitishiwa wengine ugonjwa wake, au uongo wake, bila yeye kuambiwa, ametumiwa hivyo. Lakini daktari alimgeukia mgonjwa mwenyewe. Alirudia kipimo mbele yake, akamwekea mkono chini ya kisigino chake mwenyewe ili ahisi. Akamwambia kwa Kinyarwanda, kwa maneno ya kawaida, kwamba mguu wake haujavunjika njia, kwamba ugonjwa huu upo na una jina, kwamba hauigizi, na kwamba mguu unaoweza kukandamiza bila kufikiri unaweza kufundishwa kukandamiza tena kwa kufikiri. Yaliyofichwa kwa dakika mbili yakarudishwa kwa mwenyewe. Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya kupima na kunasa.

Sasa niwasikilize wanaopinga. Wa kwanza ni mwalimu. Atasema: wapo watoto wanaoigiza kweli. Nikiwaamini wote, bweni zima litachechemea wiki ya mitihani. Hoja hii si ya kubeza. Kashasha na Eregi zinaonyesha kwamba dalili husambaa, na kuzishangilia au kuzipigia kelele huzisambaza zaidi. Lakini hoja inahalalisha utulivu, haihalalishi shutuma. Mwalimu anaweza kumtoa mtoto katika umati, kumtuliza, kuzuia simu zisirekodi na kuendelea na masomo bila kumwita yeyote mwongo. Tupime pia uzito wa makosa mawili. Nikimwamini anayeigiza, nimepoteza siku kadhaa na labda mtihani mmoja. Nisipomwamini mgonjwa, ninampotezea imani kwamba maumivu yake yana pa kupelekwa. Tena, kama ni korea, ninaweza kumpotezea moyo.

Wa pili ni mama yangu, na hoja yake ni kinyume. Yeye alimwamini mtoto tangu mwanzo, na kwa imani hiyo alimzungusha kwa waombezi na kwa mtu mmoja aliyemnywesha mizizi, mpaka akiba ikaisha. Huruma peke yake nayo huumiza. Watoto wenye mishtuko isiyo ya kifafa huweza kupewa dawa za kifafa kwa miaka, kwa sababu tu hakuna aliyetaka kuonekana hawaamini. Nafikiri tunachanganya mambo mawili hapa. Kumwamini mtoto anaposema "mkono hautulii" ni jambo moja. Kuamini kila maelezo ya kwa nini hautulii ni jambo jingine. La kwanza ni haki yake, kwa kuwa yeye ndiye shahidi pekee. La pili ni kazi ya upimaji, na hapo hata mtoto, hata mama, hata daktari anaweza kukosea.

Hapa Rwanda kuna kishawishi cha tatu. Tunalo neno ihahamuka, linalozungumzia mtu aliyekosa pumzi kwa hofu. Kila mwaka kuanzia tarehe 7 Aprili, kwenye kumbukumbu za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wapo wanaoanguka, wanaotetemeka, wanaopiga mayowe. Na wapo vijana kati yao waliozaliwa baada ya 1994. Nchi yetu imejifunza kutowacheka watu hao. Washauri huandaliwa, mtu hushikwa mkono, hupelekwa pembeni, hupewa maji. Hakuna anayemwuliza kama anaigiza. Hilo linanionyesha kwamba tunajua la kufanya. Tatizo ni kwamba tunalifanya pale tu tunapoijua sababu. Mwili unaotetemeka kwa ajili ya historia tunauheshimu. Unaotetemeka bila sababu tunayoifahamu tunaudai maelezo. Nyumbani tulimhoji mdogo wangu kwa siku nyingi: nani alikufanyia nini, umeona nini, unaficha nini? Daktari alituambia tuache. Wengine wana kidonda nyuma ya ugonjwa huu, wengine hawana, na kumlazimisha mtoto atoe sababu ni kumpima kwa kipimo ambacho huenda hakina jibu.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu, ambayo ningependa kuiruka. Usiku mmoja, kabla hatujampata daktari huyo, nilimkuta mdogo wangu sebuleni akimsuka mtoto wa jirani. Vidole vyake vyote kumi vilikuwa vinakwenda, vimetulia, vinagawa nywele kama zamani. Nilisimama nyuma ya pazia nikamrekodi kwa simu. Kisha nikampelekea mama ile video, nikasema, mwone mgonjwa wako. Mdogo wangu alikuwa mlangoni akatusikia. Kesho yake hakuweza hata kusimama, na mimi, Mungu anisamehe, niliiona hiyo nayo kuwa maigizo.

Daktari alipouliza kama kuna video yoyote ya nyumbani, kwa kuwa dalili hubadilika na chumba cha daktari hakionyeshi kila kitu, tulikuwa na hiyo moja tu. Niliitoa kwa aibu. Aliitazama mara mbili, akafurahi. Alisema ni ushahidi mzuri: mkono hutulia umakini unapokwenda kwingine. Kitu kilekile nilichokichukua kumshtaki ndicho kilichosaidia kumtambua. Ukweli ulikuwa mmoja ndani ya simu ile. Kilichotofautiana ni swali tulilolibeba tulipoutazama. Mimi niliuliza, amekosa nini? Yeye aliuliza, mkono unafanyaje kazi?

Jibu langu kwa swali nililoanza nalo, basi, ni kwamba hatuna haki hiyo. Kipimo safi hakitupi ruhusa ya kumshtaki mtoto. Anayempima anadaiwa mambo matatu: amtazame kabla ya kumhukumu, atenganishe swali la chanzo na swali la lawama, na alichokigundua amrudishie mwenye mwili, kwa lugha anayoielewa. Mambo haya hayahitaji mashine. Yanahitaji muda, na najua kwamba madaktari wa aina hii ni wachache na foleni ni ndefu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya upimaji wa mtoto hufanyika kabla ya hospitali, darasani na sebuleni, na hufanywa na watu kama mimi.

Mdogo wangu alifanya mazoezi ya viungo kwa miezi mitano, mara nyingi kwa kufuata mdundo wa ngoma, na kusuka nywele ilikuwa sehemu ya dawa. Sasa anatembea vizuri. Mkono humrudia kutetemeka siku chache kwa mwezi. Alirudia mwaka katika shule ya kutwa. Video nilitaka kuifuta, akanikatalia. Alisema ni yeye aliyemo humo, na akaniomba nimtumie. Kuhusu yale niliyosema nyuma ya mlango hajaniuliza, nami bado sijapata namna ya kuanza.